Margaret Trowell: Mwalimu wa kibarazani aliyewakutanisha wasanii wa Afrika Mashariki

KAMPALA

Anayefika Kampala kwa mara ya kwanza na kutembea katikati ya jiji hachukui muda kukutana na Sanamu ya Uhuru. Imesimama jirani na Hoteli ya Sheraton, umbo la mama aliyeviringishwa mwili mzima kama mtu aliyefungwa, akimnyanyua mtoto ambaye mikono yake imeelekea mbinguni. Ilitengenezwa mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru wake, na leo picha yake ipo kwenye noti za nchi hiyo. Mfanyabiashara aliyewahi kubadilisha fedha katika mpaka wa Busia au Mutukula ameishika mkononi, hata kama hajafika Kampala.

Wengi hawajui kwamba aliyetengeneza alama hiyo ya taifa la Uganda ni Mkenya. Alikuwa Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya aliyevuka mpaka kwenda kujifunza uchongaji wakati kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa elimu. Aliyempokea alikuwa Mwingereza, mke wa daktari, asiye na cheo chochote chuoni, ambaye darasa lake la kwanza lilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba. Jina lake ni Margaret Trowell.

Shule iliyozaliwa katika kibaraza hicho ndiyo shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa zaidi ya miongo mitatu ilikuwa mahali ambapo kijana wa Kilimanjaro, wa Nyanza na wa Buganda waliketi chumba kimoja, wakachanganya rangi kwenye kibao kimoja na kubishana kuhusu sanaa ya Mwafrika iweje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado haijaandikwa kwenye mkataba wowote. Kisa cha mwanamke huyu kinaonyesha jinsi umoja wa aina hiyo ulivyojengwa, na pia jinsi ulivyobeba kasoro za wakati wake.

Kutoka London hadi Machakos

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904, na kabla ya kuolewa aliitwa Margaret Sifton. Alisoma katika Slade, shule ya sanaa iliyo chini ya Chuo Kikuu cha London, iliyokuwa na jina kubwa Uingereza. Mwalimu mkuu pale alikuwa Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyeacha kisu akashika penseli. Tonks alijulikana kwa ukali. Mwanafunzi wake alitakiwa kuchora mwili wa binadamu kama alivyouona, mstari kwa mstari, mpaka mfupa chini ya ngozi uonekane kuwa mahali pake. Wapo waliotoka darasani kwake wakilia.

Baada ya Slade, alikwenda kusomea ualimu, na huko alikutana na mtu tofauti kabisa. Marion Richardson aliamini kwamba kila mtoto ana picha ndani ya akili yake na kazi ya mwalimu ni kumsaidia aitoe. Aliwasimulia wanafunzi hadithi au kuwaelezea mahali fulani, akawataka wafumbe macho na kutazama kilichojitokeza kichwani. Baada ya hapo ndipo waliposhika brashi. Hakuwawekea chungu mezani wakinakili.

Walimu hawa wawili walikaa ndani ya Trowell maisha yake yote. Tonks alimpa ujuzi wa mkono, lakini njia ya Richardson ndiyo aliyoichukua kuja nayo Afrika.

Aliolewa na Hugh Trowell, daktari kijana aliyeajiriwa katika utumishi wa afya wa serikali ya kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walihamia Kenya, na kwa muda waliishi Machakos katika nchi ya Wakamba. Wake wengi wa maofisa wa kikoloni walizipitisha siku zao kwa bustani, chai na barua za kwao. Trowell alianza kutazama mikono ya wenyeji. Aliwaona wanawake wakisuka vyondo huku wakitembea, uzi ukizungushwa kwenye paja na vidole vikifanya kazi bila jicho kuangalia. Aliona vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma cha moto, vigoda vya miguu mitatu na vyungu vilivyofinyangwa bila gurudumu.

Wazungu wengi wa wakati ule walishikilia kwamba Afrika Mashariki haina sanaa. Walizijua sanamu za shaba za Benin na vinyago vya Kongo, ambavyo tayari vilikuwa katika makumbusho ya Ulaya, na kwa kuwa hawakuona mfano wake huku walihitimisha kwamba hakuna kitu. Trowell alifikia jibu jingine. Aliona kwamba sanaa ipo, ila imo ndani ya vitu vinavyotumika kila siku: kikapu, ngao, kibuyu cha maziwa, mkeka na nguo ya gome la mti. Anayetafuta picha ya kutundika ukutani hataiona.

Wazo hilo ndilo aliloliandika katika kitabu chake cha kwanza, African Arts and Crafts, kilichotoka mwaka 1937 na kuwalenga walimu wa shule. Mwaka huohuo ndipo alipoanza kulifanyia kazi.

Darasa la Mulago

Familia ilihamia Uganda mwaka 1935. Hugh alipangiwa kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na huko ndiko alikopata umaarufu wa kitabibu. Alitumia miaka mingi kuchunguza kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa lishe ya kutosha, na mwaka 1954 akiwa na wenzake alitoa kitabu kilichokuwa rejea ya madaktari duniani.

Wakati mume yumo wodini, mke alifungua darasa nyumbani. Mwaka 1937 alianza kuwakaribisha watu wachache kibarazani waje kuchora na kufinyanga. Hakukuwa na ada, mtihani wala cheti. Vifaa vilikuwa haba. Waliokuja walifanya hivyo kwa kupenda, baada ya saa za kazi au masomo.

Ili kuelewa ujasiri wa jambo hilo, lazima tukumbuke hali ya Makerere wakati ule. Chuo kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ndogo ya ufundi, kikifundisha useremala na ufundi mwingine wa mikono. Kiliendelea kukua, na mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza kigeuzwe kuwa chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki nzima. Masomo yaliyothaminiwa yalikuwa yale yanayozaa watumishi wa serikali: utabibu, ualimu, kilimo, mifugo. Sanaa haikuwa na nafasi kwenye orodha hiyo. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hakutarajia arudi akiwa amejifunza kufinyanga udongo, kazi ambayo shangazi yake aliijua bila kwenda shule.

Kwa hiyo Trowell alikuwa na vita mbili. Ilimpasa kuwashawishi wakubwa wa kikoloni kwamba Mwafrika anaweza kuwa msanii, na kuwashawishi Waafrika wenyewe kwamba sanaa ni elimu. Hakuwa mtu wa kuandamana. Alichagua kuonyesha kazi. Mwaka 1938 aliandaa maonyesho ya wanafunzi wake Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu la Kianglikana. Mwaka uliofuata kazi zao zilisafiri hadi London na kuonyeshwa katika Imperial Institute. Ofisa aliyezipuuza Kampala alilazimika kuzisikia zikitajwa kwao.

Baada ya hapo mlango wa Makerere ulianza kufunguka. Darasa liliingia chuoni likiwa somo la hiari, nje ya ratiba, kisha likapata nafasi ndani ya ratiba, na hatimaye likawa shule yenye stashahada yake. Safari hiyo ilichukua zaidi ya muongo mzima. Mwaka 1949 Makerere ilipopandishwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, shule ya sanaa ilikuwa tayari ina mizizi.

Katika miaka hiyohiyo alibeba mzigo mwingine. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, lilihamishiwa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Trowell akawa mtunzaji wake. Aliitumia nafasi hiyo kama darasa la pili. Mwanafunzi aliyekuwa akichora ngoma aliweza kuvuka chumba na kuishika ngoma yenyewe. Makumbusho hayo yalihamia jengo lake la sasa la Kitante mwaka 1954, lakini kabla ya hapo Trowell alikuwa ameandika na kuchora kwa makini vitu vingi vya nchi. Kazi hiyo ilizaa kitabu cha Tribal Crafts of Uganda cha mwaka 1953, alichokiandika pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeshughulikia sehemu ya ala. Mpaka leo mtafiti anayetaka kujua jinsi kikapu fulani kilivyosukwa au gome la mutuba lilivyopigwa hadi likawa nguo hawezi kukipita kitabu hicho.

Wanafunzi waliovuka mipaka

Shule hupimwa kwa watu inaowatoa. Wa kwanza kutajwa ni Maloba. Alifika Kampala akiwa kijana mdogo, akaishi na kujifunza chini ya Trowell, na baadaye akawa msaidizi wake kisha mwalimu mwenzake. Sanamu yake ya mbao iitwayo Kifo, aliyoichonga katika miaka yake ya mwanzo, iliwashangaza waliodhani darasa la kibarazani ni mchezo wa kupoteza muda. Alikwenda Uingereza kuongeza masomo, akarudi Makerere kufundisha, na katikati ya miaka ya 1960 akahamia Nairobi kuendeleza fani hiyo katika chuo kikuu cha huko.

Wa pili ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Aliingia Makerere katikati ya miaka ya 1940, akahitimu na kubaki kuwa mwalimu. Picha zake zinatambulika kwa mbali: watu wadogo wengi wakifanya kazi pamoja kati ya migomba na vilima, wakivuna, wakijenga, wakibeba pombe kwenda arusini. Alisoma Slade, shule ileile ya mwalimu wake, katika miaka ya 1950, lakini alirudi akichora vilevile kama alivyochora kabla ya kuondoka. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku.

Maisha ya Ntiro yenyewe yalikuwa ya Afrika Mashariki. Mkewe alikuwa Sarah Nyendwoha kutoka Bunyoro, Uganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada, aliyohitimu Oxford mwaka 1954. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wake London, na baadaye aliongoza shughuli za utamaduni Tanzania na kufundisha Dar es Salaam. Mchoraji wa migomba ya Machame akawa sauti ya taifa jipya.

Wa tatu ni Elimo Njau wa Marangu, aliyesoma Makerere katika miaka ya 1950. Alipomaliza alipewa kazi nzito nchini Kenya. Kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati ule, lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau, Mchagga kutoka nchi jirani, alichora kwenye kuta zake picha tano kubwa za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na nyuma yake kuna vilima, migomba na vibanda vya Wakikuyu. Michoro hiyo ilikamilika mwaka 1959, katika nchi ambayo bado ilikuwa na majeraha mabichi ya hali ya hatari. Mwaka 1965 akiwa na wenzake alianzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, moja ya majumba ya kwanza ya sanaa Kenya kuendeshwa na Waafrika.

Yumo pia Rosemary Karuga, Mkenya, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, kati ya mwaka 1950 na 1952. Aliporudi kwao alifundisha shule kwa miaka mingi, akalea watoto na kulima shamba, na hakuwa na fedha za kununua rangi. Alipostaafu, mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kukata vipande vya pakiti za unga na makaratasi ya sabuni na kuvibandika mpaka vikawa picha za wanawake, kuku na mbuzi. Kazi hizo zilifika hadi Harlem, New York, mwaka 1990. Kilichofundishwa Makerere kilikaa kimya karibu miaka 40 kabla ya kuchipuka.

Alichofungua na alichofunga

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpa sifa zote. Lakini wasomi wa sanaa wa Makerere yenyewe wamekuwa wakimtazama mwanzilishi wao kwa jicho kali, na wana sababu.

Trowell aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asifundishwe kuchora kwa namna ya Ulaya. Hakumpa mafunzo ya vipimo vya umbali wala ya kuchora mwili kwa kuutazama, yaani mafunzo yaleyale aliyoyapata yeye kwa Tonks. Alihofia kwamba yangefuta hisia za asili na kuzaa wanakili wabaya wa Wazungu. Badala yake alisimulia hadithi za vijijini na visa vya Biblia, akawaambia wafumbe macho na kuchora walichokiona.

Nia ilikuwa njema, lakini ndani yake kulikuwa na hukumu. Kijana aliyetoka Budo au shule nyingine kubwa ya misheni alisoma hisabati ileile ya mtoto wa Kiingereza na kufanya mitihani inayosahihishwa Uingereza. Alipoingia darasa la sanaa aliambiwa abaki na uasili wake. Mwalimu ndiye aliyeamua uasili huo ni upi na unaishia wapi. Mgeni alikuwa anamlinda mwenyeji dhidi ya kitu ambacho mwenyeji hakuwahi kuulizwa kama anakitaka.

Kulikuwa na kitendawili kingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba sanaa ya huku imo katika vyungu, vikapu na magome. Lakini kilicholeta sifa shuleni kwake kilikuwa picha za rangi na sanamu za watu, vitu ambavyo katika sehemu kubwa ya Uganda havikuwa mapokeo ya zamani. Aliita kazi hizo mwendelezo wa mila. Kwa hakika zilikuwa jambo jipya, lililozaliwa kutokana na kukutana kwa kibaraza cha Mulago na vijana waliokuwa na haraka ya kuingia dunia mpya.

Imani yake ya Kikristo pia iliongoza mkono wake. Alikuwa Mwanglikana wa dhati, na alitamani kuona sanaa ya Afrika ikisimama kanisani kama ile ya Ulaya ya zama za kati, wakati mchongaji na muumini walikuwa jamii moja. Ndiyo maana wanafunzi wake wengi wa mwanzo walichora misalaba, malaika na Bikira Maria. Dini za jadi, zilizokuwa zimetia roho katika vitu vingi vilivyotunzwa makumbusho, zilibaki nyuma ya kioo.

Pamoja na hayo, ni haki kumweka katika wakati wake. Katika miaka ya 1930, mtu aliyesema hadharani kwamba Mwafrika wa Afrika Mashariki ana akili ya sanaa inayostahili nafasi katika elimu ya juu alikuwa anapingana na rika lake na tabaka lake. Tena wanafunzi hawakubaki ndani ya uzio aliouweka. Maloba alichonga maumivu na kifo kwa namna isiyotokana na hadithi ya kijijini. Njau alimchukua Yesu wa misheni akamhamishia Murang'a. Waliupokea mlango uliofunguliwa, wakatoka nao kwa njia zao.

Miaka baada yake

Trowell aliondoka Makerere mwaka 1958. Mumewe alistaafu utabibu, wakarudi Uingereza, naye akawa kasisi wa Kianglikana karibu na mji wa Salisbury. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka Trowell alikuwa ametoa kumbukumbu za maisha yake, African Tapestry, na mwaka 1960 alitoa African Design, kitabu cha nakshi za Kiafrika ambacho bado kinachapishwa na kutumiwa na wabunifu wa mitindo na vitambaa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini. Todd aligeuza mambo. Alileta historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi na uchoraji wa kutazama. Wanafunzi waliambiwa wajue kilichofanyika Paris na Florence kabla ya kuamua wanataka kuwa nani. Kwa wengine huo ulikuwa ukombozi, na kwa wengine ulikuwa ukoloni uliobadilisha nguo. Mabishano hayo kati ya Trowell na Todd, kati ya kulinda na kufungua, yaliendelea kwenye korido za Makerere muda mrefu baada ya wote wawili kuondoka. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alifundisha hapo kuanzia mwaka 1960 huku akichora wanyama wa Afrika Mashariki kwa vitabu vilivyokuja kumpa jina duniani. Theresa Musoke, Mganda aliyehitimu katikati ya miaka ya 1960, aliibuka kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa eneo hili.

Shule yenyewe ilikuja kupewa jina la Margaret Trowell. Wakati huo Makerere ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963 na kuunganisha Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Hoja ilikuwa kwamba nchi tatu maskini hazina sababu ya kujenga kila kitu mara tatu. Aliyetaka sanaa alikwenda Makerere, kama aliyetaka sheria alivyokwenda Dar es Salaam.

Mpango huo ulidumu miaka saba tu. Mwaka 1970 chuo kiligawanywa, kila nchi ikachukua chake. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Uganda, na walimu na wasanii wengi wakaanza kuondoka. Todd aliondoka mwaka huohuo, na Kingdon miaka miwili baadaye. Musoke aliishi na kufanya kazi Kenya kwa takribani miaka 20. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika. Waliobaki Makerere walifundisha bila rangi, bila turubai na mara nyingine bila mshahara wa kutosha chakula. Shule haikufungwa.

Kwa namna ya ajabu, uhamisho huo uliijenga Nairobi. Wasanii wa Uganda waliokimbia walikuta mji ambao waliosoma nao walikuwa wametangulia, Paa ya Paa ya Njau ikiwa wazi na Maloba akifundisha chuo kikuu. Jak Katarikawe, dereva kutoka magharibi mwa Uganda ambaye kipaji chake kilikuzwa na Ntiro bila yeye kusajiliwa chuoni, alihamia huko na picha zake za ng'ombe na ndoto zikampa riziki. Mtandao uliofumwa kwenye kibaraza cha Mulago ulifanya kazi wakati mikataba ya serikali ilikuwa imeshachanika.

Margaret Trowell alifariki dunia mwaka 1985, mbali na Kampala, wakati Uganda ikiwa bado vitani. Mwaka uliofuata vita ya msituni ilifika mwisho Kampala, na chuo kikaanza kujijenga upya. Leo shule yake imo ndani ya kitivo kikubwa cha uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia, na jina lake linaendelea kutajwa na wahitimu hata pale nyaraka rasmi zinapolifupisha.

Somo kwa Jumuiya ya leo

Jumuiya iliyofufuliwa mwaka 1999 imekuwa kubwa kuliko ile ya zamani. Ina Rwanda, ambayo shule yake ya sanaa ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1959. Ina Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye chuo cha sanaa Kinshasa kinachotokana na shule iliyoanzishwa na mtawa wa Kibelgiji mwaka 1943. Ina Bagamoyo, ambako Tanzania imefundisha sanaa za maonyesho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Utajiri upo, ila umekaa kila mmoja kwenye ua wake. Mikutano ya mawaziri huzungumzia ushuru, reli na mizigo bandarini, na ni sawa izungumzie hayo. Lakini Mkenya hakutengeneza Sanamu ya Uhuru ya Uganda kwa sababu ya itifaki ya forodha. Aliitengeneza kwa sababu akiwa kijana alikaa darasani na Waganda, akala nao na kufundisha wadogo zao.

Kisa cha Trowell kina onyo pia. Taasisi ya pamoja ikijengwa na mtu anayejua peke yake kinachowafaa wengine, itazaa matunda na malalamiko kwa pamoja. Yeye aliwapa vijana wa Afrika Mashariki chumba, udongo na jina, na akajaribu kuwachagulia ndoto. Walichukua vitatu vya kwanza wakarudisha cha nne. Atakayejenga shule nyingine ya pamoja katika Jumuiya hii aanze pale walipoishia wanafunzi wake: milango iwe wazi kwa kijana wa kila nchi, na uamuzi wa nini kichorwe ubaki mikononi mwa anayeshika brashi.